Kuingiza kuku wageni kwenye banda la wenyeji bila kumwaga damu: mwongozo kamili

Swali hili linarudi kila mara na maumivu yake ni yaleyale: "Nimewatia kuku wapya bandani usiku kama nilivyoshauriwa, asubuhi nimekuta mmoja kachunwa kichwa na wengine wamejibana kwenye kona." Wengine wanajaribu mara tatu, mara nne, halafu wanakata tamaa na kusema kuku wao ni wakorofi. Si wakorofi. Wanafanya kitu ambacho kuku yeyote angefanya, sema sisi tunawawekea mazingira mabaya ya kukifanyia.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kuku anamjua mwenzake mmoja mmoja, na anamjua hasa kwa sura ya kichwa, yaani upanga (nyama nyekundu iliyosimama juu ya kichwa), ndevu (zinazoning'inia chini ya mdomo) na uso. Kwenye kundi dogo kila mmoja anajua nani anaanza kula, nani anapisha, nani analala wapi. Akiingia mtu asiyejulikana hana nafasi kwenye huo mpangilio, kwa hiyo lazima aulizwe wewe ni nani, na swali lenyewe linaulizwa kwa mdomo. Hakuna ujanja wa kuliepusha. Unachoweza ni kuwapa muda wajuane kwa macho kwanza ili likifika swali la mdomo liwe fupi.

Mwongozo huu ni wa kundi la kuku wachache mpaka makumi kadhaa. Makundi ya mamia yana tabia tofauti, huko kuku hawawezi kukumbukana wote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaleta kuku hata mmoja

- Sehemu ya pili ya kulala wageni, mbali na banda, yenye paa na inayofungwa
- Waya wa kuku au wavu mgumu wa kugawanya banda, matundu yasizidi sentimita 2.5 ili kichwa kisipite
- Vyombo vya chakula na maji vya ziada, angalau viwili zaidi vya kila aina kuliko unavyotumia sasa
- Fito mpya za kulalia
- Mbao, kreti kuukuu, matawi au magunia ya kutundika, hivi ni vya kujifichia
- Tochi
- Dawa ya chawa na utitiri, na dawa ya kidonda ambayo haina rangi nyekundu, zote kwa ushauri wa mtu wa mifugo, muulize na habari ya mayai, utayala au utayaacha kwa siku ngapi
- Viatu vya kuingilia kwa wageni tu
- Wiki 6 za subira, na hapa ndipo wengi wanapoangukia

## Hatua ya 1: Chagua idadi na saizi

Usilete kuku mmoja peke yake. Kundi zima likiwa na mgeni mmoja tu, midomo yote inaishia kwake na hana mwenzake wa kusimama naye. Leta wawili, watatu ni afadhali zaidi, na wawe wanajuana tayari huko wanakotoka.

Saizi nayo. Mgeni awe anakaribia umbo la wenyeji. Vifaranga chini ya wiki 12 usiwachanganye na wakubwa kabisa, labda kama wako na mama yao, hiyo ntaieleza mwishoni. Sababu si kupigwa tu. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalsiamu nyingi, kama asilimia 3.5 mpaka 4, na mtetea ambaye bado hajaanza kutaga akikila kwa muda mrefu figo zinaumia. Ukilazimika kuwachanganya mitetea na wakubwa, wape wote chakula cha kuku wanaokua halafu magamba ya chaza au chokaa ya mifugo uiweke kwenye chombo chake pembeni. Anayetaga ataifuata mwenyewe maana mwili wake unaidai.

## Hatua ya 2: Karantini, siku 30

Najua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu kuku wanaonekana wazima. Lakini kideri (ugonjwa wa virusi wa kuku, Newcastle) inaweza kukaa mwilini siku 2 hadi 15 bila dalili, na kuna magonjwa ya mfumo wa hewa ambayo kuku akishayapata anabaki nayo maisha yake yote, anakula vizuri na anataga vizuri, halafu siku akichoka au akihamishwa anaanza kupiga chafya na kuambukiza wenzake. Na kumhamisha kuku ndiyo kumchosha kwenyewe.

Waweke mbali kadri eneo linavyoruhusu na angalia upepo unatoka wapi, usitoke kwa wageni kwenda kwa wenyeji. Kila siku hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, na viatu vibadilishwe. Vyombo visihame upande hadi upande hata kama umeviosha.

Siku ya kwanza mshike kila mgeni umkague. Fungua manyoya chini ya mkia, chawa wanapenda pale, na mayai yao utayaona kama punje nyeupe zimeganda kwenye shina la unyoya. Dawa nyingi haziui mayai, kwa hiyo rudia baada ya siku 7 mpaka 10, usiporudia umefanya kazi bure. Utitiri mwekundu ni mwingine, mchana haukai mwilini unajificha kwenye nyufa za mbao, ingia na tochi usiku upitishe kidole chini ya fito, kikitoka na alama ya damu tayari wapo.

Wiki hizi 4 ndizo pia za kumalizia chanjo, ongea na mtu wa mifugo ajue wageni wana umri gani na wamechanjwa nini. Ukifika siku ya 30 hakuna chafya, hakuna macho yenye povu, kinyesi kimeshikana na kina ule weupe wake juu, wanakula na hakuna aliyekonda kifua, endelea. Kama kuna hata mmoja ana mashaka hesabu inaanza upya kwa wote.

## Hatua ya 3: Panga banda upya, wageni wakiwa bado karantini

Fanya hii mapema maana wenyeji nao wanahitaji siku kadhaa kuzoea mabadiliko.

Nafasi kwanza. Ndani weka hesabu ya kuku 3 kwa mita 1 ya mraba, wakizidi hapo anayeshindwa hana pa kukimbilia, na kuku anayeshindwa anamaliza ugomvi kwa kuondoka. Asipoweza kuondoka, mwenzake anaona bado anabishana naye. Ugomvi mwingi unaoitwa ukatili ni kuku aliyekosa njia ya kutoka tu.

Kwa hiyo ziondoe kona. Kila kona kali iegemezee ubao au kreti ili anayekimbizwa apite nyuma yake atokee upande wa pili. Tundika gunia moja au mawili katikati ya banda yakate macho. Kuku akipotea kwenye upeo wa macho kwa sekunde chache, mara nyingi anayemfukuza anaacha na kurudi kuparua chini kama vile hakukuwa na kitu.

Vyombo vya chakula na maji visikae pamoja. Mkubwa wa banda hawezi kulinda sehemu tatu kwa wakati mmoja, atalinda moja. Weka umbali wa mita 2 au zaidi kati ya chombo na chombo, na kila kuku apate kama sentimita 10 za ukingo wa chombo cha chakula.

Fito za kulalia zote ziwe urefu mmoja kutoka chini, sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku. Ukiweka moja juu na nyingine chini umetengeneza kiti cha enzi na kila jioni kitagombaniwa. Viota, kimoja kwa kuku 4 au 5.

## Hatua ya 4: Waya katikati, siku 7 mpaka 14

Hii ndiyo hatua inayofanya kazi yote. Gawa banda au uwanja kwa waya, wageni upande mmoja wenyeji upande mwingine, waonane mchana kutwa wasigusane.

Siku ya kwanza utaona fujo. Wenyeji watakuja kwenye waya, manyoya ya shingo yamesimama kama mwavuli, watatembea kwenda na kurudi, watajaribu kudonoa kupitia tundu. Usiogope na usiwafukuze. Kama midomo inafikana kabisa ongeza waya wa pili uache pengo la kiganja.

Chakula anza kukiweka mbali na waya kila upande, kama mita 2. Kila siku kisogeze kidogo. Lengo ni kwamba kufikia wiki ya pili wanakula wakitazamana, kila mmoja upande wake, wametenganishwa na waya tu. Kuku wanapenda kufanya jambo pamoja, mmoja akianza kudonoa chini wengine wanafuata, na hapo utaona kitu kizuri, mgeni anaparua mwenyeji naye anaparua, bila kujua wameshaanza kuwa kundi.

Sasa usihesabu siku tu, soma tabia. Mimi naangalia kitu kimoja kuliko vyote, kuoga vumbi. Kuku akioga vumbi analala ubavu, anafumba macho nusu, miguu hewani, hawezi kukimbia. Hafanyi hivyo karibu na anayemwogopa. Mara ya mwisho nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na waya, nikawa namwangalia koo wangu mweusi ambaye ndiye mkubwa wa banda, wiki nzima alikuwa akimwona mgeni mwenye madoa anakuja wayani anamfuata na shingo mbele. Siku ya 9, mchana wa jua kali, mweusi akachimba shimo lake palepale kwenye waya, akajimwagia vumbi, na yule wa madoa upande wa pili akajilaza naye akaoga, migongo yao ikawa inagusana kupitia matundu. Mweusi alifungua jicho moja akamtazama, akalifunga. Nikasema basi, kesho naondoa waya.

Ukiona hivyo, au wanachambua manyoya karibu na waya, au wanasinzia pale, umefaulu. Kama siku ya 14 bado kuna wanaotembea wayani shingo zimesimama, ongeza wiki. Haina hasara.

## Hatua ya 5: Kukutana ana kwa ana

Chagua jioni, muda wa kama saa mbili kabla giza halijaingia, na iwe nje kwenye eneo wazi. Jioni kwa sababu kuku wameshaanza kufikiria kulala na ugomvi una mwisho. Nje kwa sababu kuna pa kukimbilia. Mwaga nafaka na majani mabichi kwa upana, si rundo moja, halafu waachie wageni kwanza watembee dakika kama 15, ndipo uwaachie wenyeji.

Kisha kaa. Usiende kufanya kazi nyingine. Na ujue unachokiangalia maana watu wengi wanaamua ugomvi ambao ungeisha wenyewe, na kila ukiuamua unaahirishwa tu mpaka kesho.

Ugomvi wa kawaida unakwenda hivi: wawili wanasimama uso kwa uso, shingo zimenyooka, manyoya yamefunguka. Wanatazamana. Pengine mmoja anaruka kifua mbele, wanagongana, wanadonoana upanga mara moja mbili. Halafu mmoja anashusha kichwa anageuka pembeni anaondoka. Mshindi anaweza kumpa donoo moja la mwisho, basi. Hii ni sekunde chache, na ndiyo jibu la lile swali la wewe ni nani. Kesho mara nyingi hawatarudia, mshindi atainua kichwa tu na mwenzake atapisha.

Ugomvi wa hatari ni ule ambao aliyeshindwa ameshashusha kichwa, ameshakimbia, na bado anafuatwa. Au wanaomfuata ni wawili watatu kwa mmoja. Au amelazwa chini na anadonolewa kisogo bila yeye kujibu. Au kuna damu. Hapo ingia mara moja, na usipige kelele, weka kipande cha mbao kati yao kikate macho au mbebe mchokozi utoke naye.

Giza likikaribia warudishe kila kundi upande wake wa waya. Rudia siku 2 au 3. Ikifika jioni ambayo hakuna aliyesimamisha shingo zaidi ya mara moja mbili, waya unatoka.

## Hatua ya 6: Usiku wa kwanza, na alfajiri yake

Wageni hawatajua wapi pa kulala, watajibana chini au watapanda kwenye viota. Ukiwaacha viotani wataendelea kulala humo na mayai yatachafuka, kwa hiyo giza likishaingia kabisa chukua tochi ya mwanga hafifu, mnyanyue mmoja mmoja umpandishe kwenye fito pembeni, wageni wakae pamoja. Kuku gizani haoni vizuri na hapigani.

Hapa ndipo niseme kuhusu ule ushauri wa kuwatia usiku. Kuku haamki akasahau nani alikuwa kwenye kundi lake. Anaamka, mwanga unaingia, anaona sura asiyoijua sentimita 20 kutoka kwake, kwenye banda lililofungwa, hakuna pa kutoka, na wewe bado umelala. Mimi nilimpoteza mtetea mzuri kwa namna hiyo miaka ile naanza, nilifungua saa 2 asubuhi nikakuta kisogo chote kimechunwa mpaka mfupa. Usiku unasaidia kuwapandisha kwenye fito kuku ambao wameshajuana. Kujuana kwenyewe hakufanyiki usiku.

Kwa hiyo siku 5 za kwanza, amka kabla ya jua. Fungua mlango mapema, chakula kiwe kimeshamwagwa nje. Hii peke yake inaondoa ugomvi mwingi sana.

## Hatua ya 7: Wiki mbili zinazofuata

Mayai yatapungua, kwa wenyeji na kwa wageni, pengine kwa wiki moja mpaka tatu. Ni kawaida, usibadilishe chakula kwa hofu.

Hakikisha kila mgeni anakula kweli. Kuku anayezuiwa chakula hapigi kelele, anakonda tu kimyakimya. Jioni akiwa kwenye fito mguse gole, pale chini ya shingo, liwe limejaa na ni gumu kidogo kama kifuko cha nafaka. Likiwa tupu siku mbili mfululizo ongeza chombo kingine cha chakula nyuma ya kizuizi.

Damu ikitoka. Hili halisubiri. Kuku wanaona rangi vizuri sana na wekundu unawavuta, kidonda kidogo kwenye upanga kinaweza kugeuka kuwa kisa cha kundi zima ndani ya dakika chache, hata wale wapole wanajiunga. Mtoe, osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, paka dawa ambayo haina wekundu. Lakini usimpeleke mbali. Mweke ndani ya banda hilohilo nyuma ya waya mdogo waendelee kumwona. Ukimficha siku 10 akirudi ni mgeni tena na unaanza hatua ya 4 upya.

Kuna mchokozi mmoja asiyekubali. Watu wanamtoa anayepigwa. Mtoe anayepiga. Mpeleke mahali asipoonekana, siku 3 hadi 5. Kundi linajipanga bila yeye, wageni wanapata mizizi, na akirudi yeye ndiye anayetafuta nafasi. Ukiona akirudi anazunguka pembeni na anakula mwisho, dawa imeingia.

## Hali ambazo zina njia yake

Jogoo wa hapo nyumbani kwa kawaida hawapigi majike wageni. Atawazunguka bawa moja limeshushwa linaburuza chini, hiyo ni kuwatongoza, na jogoo mzuri huwa anaingia kati majike wakipigana, pia anawaita wote kwenye chakula. Lakini usilete jogoo wa pili ukidhani hatua hizi zitatosha, majogoo wazima wawili wasiojuana wanaweza kuumizana vibaya sana.

Kuku aliyekuwa mgonjwa na umemtenga wiki kadhaa, mchukulie kama mgeni. Wenzake wanaweza wasimpokee, hasa kama upanga umesinyaa au umebadilika rangi, maana sura waliyokuwa wanaijua si hii.

Na yule mwenye vifaranga. Ukiweza, mwache aatamie na kulea ndani ya eneo la wenzake, nyuma ya waya siku za mwanzo halafu watoke naye. Mama atawalinda kwa ukali ambao wewe huwezi, na vifaranga watakua wanajua nani wa kupisha tangu wadogo. Siku atakapowaacha, kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8 hivi, wataanza kudonolewa kidogo, hapo waongezee pa kujificha na chombo chao cha chakula chenye mlango mdogo ambao wakubwa hawapiti.

Waya usiubomoe mapema. Uache umeegemea ukutani mwezi mzima, kwa sababu siku ukiuhitaji utauhitaji ndani ya dakika moja.